Kikosi cha 825: Mabawa ya Kitambaa Katika Vita vya Manowari

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, kikosi namba 825 cha jeshi la anga la wanamaji wa Uingereza kilikuwa kimevunjika na kuinuka mara tatu. Mara ya kwanza kilipoteza ndege nane kati ya 12. Mara ya pili manowari iliyokibeba ilizama. Mara ya tatu kilipeleka ndege sita vitani na haikurudi hata moja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kila mara walipatikana vijana wengine wa kuushika uhunzi huo.

Lakini historia ya kikosi hiki ina somo zaidi ya uvumilivu. Ndege yao ilikuwa ileile na silaha ileile. Usiku mmoja waliipiga manowari iliyotisha kuliko zote za Ujerumani na wote wakarudi salama. Mchana mmoja, miezi tisa baadaye, waliangamia ndani ya dakika chache. Ushujaa haukupungua kati ya siku hizo mbili. Kilichobadilika ni namna walivyotumwa.

Ndege iliyopitwa na wakati

Kikosi kiliundwa Oktoba 1934, na mwaka 1936 kikawa cha kwanza kukabidhiwa ndege mpya aina ya Fairey Swordfish. Hata wakati ule, ungeitazama ungedhani imebaki kutoka vita vya 1914. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yakishikiliwa kwa nguzo na nyaya. Kiunzi chake kilikuwa cha chuma, lakini kilichofunika kiunzi hicho kwa sehemu kubwa kilikuwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Watu watatu walikaa mmoja nyuma ya mwenzake, vichwa vyao vikiwa nje, bila paa: rubani mbele, mwongoza njia katikati, na nyuma yao fundi wa redio ambaye pia ndiye aliyeshika bunduki ya rashasha. Kuwasha injini ilikuwa kazi ya jasho. Mafundi walipanda ubavuni mwa ndege na kuzungusha mpini wa chuma kwa nguvu zao zote, mpaka gurudumu zito lililokuwa ndani lishike kasi ya kuiamsha injini.

Kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 220 hivi kwa saa, na ikibeba topido ya kilo 730 haikufika hapo. Ndege za kivita za Ujerumani zilipita kilomita 550 kwa saa. Hata hivyo Swordfish ilikuwa na sifa zake. Iliweza kwenda polepole sana bila kuanguka, ikapaa kutoka sitaha fupi iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi, na ikatua katika hali ya hewa iliyozizuia ndege nyingine. Risasi nyingi zilipenya kitambaa upande huu zikatokea upande ule bila kugusa kitu cha maana.

Shambulio la topido lilikuwa na masharti yake. Rubani alishuka mpaka mita 20 hivi juu ya maji, akainyoosha ndege na kushikilia mwelekeo mmoja, huku akikisia meli itakuwa wapi topido itakapoifikia. Akiyumba, topido iliangukia vibaya au ikapotea njia. Kwa hiyo kulikuwa na sekunde kadhaa ambazo hakuweza kukwepa chochote. Kama kulikuwa na giza, mawingu mazito au ndege za kumlinda, sekunde hizo alizivuka. Mchana mweupe, bila ulinzi, hakuwa na kinga yoyote.

Kutoka Bahari ya Hindi hadi Dunkirk

Vita ilipoanza Septemba 1939, kikosi cha 825 kilikuwa kwenye HMS Glorious, manowari ya kubeba ndege iliyokuwa Mediterania. Muda si mrefu meli hiyo ilivushwa Mfereji wa Suez na kupelekwa upande wa Aden kuisaka Admiral Graf Spee, manowari ya Kijerumani iliyokuwa ikizamisha meli za biashara. Novemba mwaka huo Graf Spee ilizamisha meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, karibu na pwani ya Msumbiji, kisha ikarudi Atlantiki. Glorious haikuiona kamwe. Kazi ya kikosi katika miezi ile ilikuwa kuruka juu ya maji matupu, saa baada ya saa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya vita vya baharini ambayo vitabu huipita haraka.

Mwaka 1940 kikosi kilirudi Uingereza bila meli yake. Mwishoni mwa Mei, jeshi la Uingereza na washirika wake lilipozingirwa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, ndege za 825 zilipelekwa kwenye uwanja wa Detling, Kent, kusaidia kuwazuia Wajerumani wakati askari wakivushwa kwenda Uingereza. Ndege iliyobuniwa kushambulia meli ilitumwa mchana juu ya nchi kavu, kupiga mabomu mbele ya majeshi yenye mizinga ya kutungulia ndege na ndege za kivita angani. Mei 29, katika safari moja tu, ndege tano hazikurudi. Jumla zikapotea nane kati ya 12.

Miongoni mwa waliotunguliwa alikuwa mkuu wa kikosi, Luteni Kamanda James Buckley, aliyechukuliwa mateka. Huko kambini Ujerumani akawa kiongozi wa mipango ya kutoroka. Mwaka 1943 alipita kwenye handaki pamoja na mwenzake raia wa Denmark, wakafika Denmark, wakaingia baharini kwa chombo kidogo wakielekea Sweden. Wote wawili walikufa katika safari hiyo.

Wiki moja na siku kadhaa baada ya msiba wa Mei 29, pigo jingine likafuata. Juni 8, 1940, nje ya Norway, manowari mbili za Ujerumani, Scharnhorst na Gneisenau, ziliikuta Glorious na kuizamisha pamoja na manowari mbili ndogo zilizoisindikiza. Watu zaidi ya 1,500 walipoteza maisha. Kikosi cha 825 hakikuwemo, lakini iliyozama ilikuwa nyumba yake ya miaka mingi. Majina ya manowari hizo mbili yatarudi katika historia hii.

Usiku wa Bismarck

Aliyepewa kukijenga upya kikosi alikuwa Luteni Kamanda Eugene Esmonde. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1909 katika familia ya Kiayalandi kutoka Tipperary. Alikuwa Mkatoliki mwenye imani ya dhati aliyewahi kujiandaa kwa upadre kabla ya kuchagua urubani. Alilitumikia jeshi la anga, akawa rubani wa shirika la Imperial Airways, kisha akaitikia wito wa wanamaji vita ilipokaribia. Alikuwa mfupi, mkimya, na marubani waliomfuata walimwamini.

Mei 1941 Esmonde na Swordfish tisa walipanda HMS Victorious, manowari mpya kabisa ya kubeba ndege. Ilikuwa haijamaliza mafunzo, na ndani yake bado kulikuwa na ndege zilizofungwa kwenye makasha zikisubiri kupelekwa Malta. Ghafla ikaitwa vitani. Manowari ya Kijerumani Bismarck ilikuwa imetoka kwenda Atlantiki, na asubuhi ya Mei 24 ikaizamisha HMS Hood, fahari ya wanamaji wa Uingereza. Kati ya watu zaidi ya 1,400 waliokuwemo, walipona watatu.

Usiku huohuo, baada ya saa nne, kukiwa na upepo na manyunyu, Swordfish tisa za 825 zilipaa umbali wa kilomita 200 na zaidi kutoka kwa Bismarck. Baadhi ya ndege zilikuwa na rada, kifaa kigeni kwa marubani wengi wa wakati ule, na ndiyo iliyowaongoza katikati ya mawingu. Katika kutafuta walikutana na meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, nchi ambayo bado haikuwa vitani, na kujitokeza kwao hapo kukawapa Wajerumani muda wa kujiandaa. Bismarck ilifyatua kila bunduki iliyokuwa nayo. Hata mizinga yake mikubwa ilielekezwa baharini ili inyanyue minara ya maji mbele ya ndege.

Esmonde na wenzake walishuka chini na kuachia topido kutoka pande tofauti. Moja ilipiga ubavu wa kulia. Dirii nene ya chuma ilihimili mlipuko, na akafa baharia mmoja, wa kwanza kupotea ndani ya Bismarck. Lakini ili kukwepa topido nyingine, meli ilikuwa imekata kona kali kwa kasi kubwa, na kwa misukosuko hiyo maturubai yaliyozibia tundu la mapigano ya asubuhi yakalegea, maji yakaanza tena kuingia. Kwa meli iliyokuwa tayari imepoteza mafuta na ikitafuta bandari ya Ufaransa, jeraha hilo halikuwa dogo.

Kurudi nyumbani kulikuwa na hatari yake. Mtambo wa redio uliotumika kuziongoza ndege kwenye Victorious uliharibika, na giza lilikuwa limeingia. Baadhi ya marubani hawakuwahi kutua sitahani usiku. Kapteni Henry Bovell aliwasha taa kali kuelekea angani ili vijana wake waione meli, ingawa nyambizi za adui nazo zingeweza kuiona. Admeri aliyekuwa juu yake akaamuru zizimwe, na Bovell akaendelea kutumia taa za ishara. Ndege moja baada ya nyingine ilijitokeza gizani, ikashusha ndoano yake mkiani, ikanasa nyaya zilizotandazwa sitahani na kusimama. Zote tisa zilirudi. Ndege mbili aina ya Fulmar zilizotumwa kuangalia matokeo hazikurudi.

Kesho yake Bismarck ilipotea machoni pa wawindaji wake, na ndege za 825 zikaendelea kuitafuta. Swordfish moja iliishiwa mafuta na kulazimika kutua baharini, na kwa bahati ya ajabu ikatua karibu na mashua tupu ya kuokolea watu. Wale watatu walielea humo siku tisa mpaka meli ya Iceland ilipowaokota. Kufikia siku hiyo Bismarck ilikuwa tayari chini ya bahari. Mei 26 Swordfish za vikosi vingine, kutoka HMS Ark Royal, zilikuwa zimeharibu usukani wake, na Mei 27 manowari za Uingereza zikaimaliza.

Kuanza upya kwa mara nyingine

Baada ya hapo 825 ilihamia Ark Royal yenyewe na kutumikia Mediterania. Novemba 13, 1941 nyambizi ya Kijerumani U-81 iliipiga meli hiyo topido karibu na Gibraltar, na kesho yake ikazama. Kati ya watu karibu 1,500 alikufa mmoja tu, lakini kikosi kilipoteza ndege zake nyingi. Januari 1942, kwenye kituo cha Lee-on-Solent, Esmonde alianza tena kukusanya vijana. Alipata ndege sita. Wengi wa wapya walikuwa wametoka mafunzoni.

Wakati huo Scharnhorst na Gneisenau zilikuwa Brest, Ufaransa, pamoja na manowari nyingine ya Kijerumani, Prinz Eugen. Waingereza walijua kuwa Hitler anazitaka zirudi kaskazini, na kwamba njia fupi ni mlango-bahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa. Walikisia kuwa zitatoka Brest mchana ili zipite penye wembamba, Dover, usiku. Kwa kisio hilo Esmonde alijitolea: kikosi chake kingezishambulia gizani, kama kilivyofanya kwa Bismarck. Mwanzoni mwa Februari ndege sita zikahamia uwanja wa Manston, Kent, ulioanza kufunikwa na theluji.

Wajerumani walifanya kinyume. Waling'oa nanga usiku wa Februari 11, karibu saa tano, chini ya Admeri Otto Ciliax. Ndege za Uingereza zilizokuwa zikilinda Brest zilipata hitilafu za rada na hazikuwaona. Rada za pwani zilivurugwa na mitambo ya Kijerumani. Kulipokucha manowari tatu, zikizungukwa na vyombo vingi vidogo na kulindwa angani na ndege zilizopangwa kwa zamu na kamanda wa ndege za kivita za Ujerumani, Adolf Galland, zilikuwa zikipita mbele ya pwani ya Uingereza, na hakuna aliyejua. Ziligunduliwa saa tano kasoro asubuhi na marubani wawili wa Spitfire, ndege za kivita za Uingereza. Amri ilikuwa wasitumie redio, wakatii, na habari ikasubiri mpaka walipotua.

Februari 12, 1942

Jana yake Esmonde alikuwa London, Buckingham Palace, akipokea nishani ya DSO kwa shambulio la Bismarck. Sasa alikuwa uwanjani Manston akiulizwa swali zito. Shambulio la usiku alilojitolea halikuwepo tena. Admeri Bertram Ramsay, aliyeongoza Dover, hakupenda kuwatuma vijana wale mchana, na uamuzi wa mwisho ukaachwa kwa Esmonde mwenyewe. Aliahidiwa makundi matano ya Spitfire ya kumlinda. Akakubali.

Saa sita na dakika 25 mchana Swordfish zilipaa. Mkuu wa uwanja, Tom Gleave, ambaye mwenyewe aliungua vibaya vitani mwaka 1940, alisimama penye theluji akaipigia saluti kila ndege ilipompita. Juu, Esmonde alizunguka akingoja walinzi wake. Zilifika Spitfire kumi za kikosi cha 72, basi. Makundi mengine yalichelewa au yalipitana nao. Kila dakika manowari zilizidi kuondoka. Esmonde akageuza uso wa ndege kuelekea baharini.

Ndege za kivita za Ujerumani ziliwavamia kabla hawajafika. Spitfire kumi zilipigana kwa nguvu zao zote, lakini hazikutosha. Mkia wa ndege ya Esmonde ulipowaka moto, mpiga bunduki wake, W. J. Clinton, alitoka kwenye kiti chake, akapanda mgongo wa ndege ikiwa angani na kuupigapiga moto kwa mikono mpaka ukazima, kisha akarudi kwenye bunduki. Haya yalionwa na Edgar Lee, mwongoza njia wa ndege ya pili. Risasi ya mzinga ilivunja bawa la kushoto la Esmonde. Aliendelea mbele akiishikilia ndege iliyokuwa ikiyumba, mpaka ikaanguka baharini pamoja na wenzake wawili.

Katika ndege ya pili rubani Brian Rose alijeruhiwa mgongoni na tangi lake la mafuta likatobolewa. Mpiga bunduki wake, Johnson, alikuwa ameshauawa. Lee alisimama nyuma ya Rose akipaza sauti kumwambia adui anatokea wapi, ili ajue pa kukwepea. Waliachia topido, wakatua majini. Katika ndege ya tatu Pat Kingsmill, Mac Samples na Don Bunce walifanya vivyo hivyo huku injini ikiwaka moto na Bunce akizidi kufyatua. Ndege tatu za nyuma, zilizoongozwa na Luteni John Thompson, zilionekana zikivuka mstari wa meli za ulinzi kuelekea kwenye manowari, na hazikuonekana tena. Hakuna hata mtu mmoja wa ndege hizo aliyepona.

Hakuna topido iliyopiga. Kati ya watu 18 walikufa 13. Wale watano waliookolewa walipewa nishani, na Esmonde akatunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kifo chake. Mwili wake ulipatikana mwishoni mwa Aprili kwenye mlango wa Mto Thames, ukazikwa Gillingham, Kent.

Uingereza ilishtuka na kuona aibu. Tume ya Jaji Alfred Bucknill iliundwa kuchunguza jinsi adui alivyopita mchana mlangoni mwa nchi, na ripoti yake haikuchapishwa hadi mwaka 1946. Lakini mambo makuu yanaonekana bila ripoti: jeshi la anga na jeshi la maji walipanga kila mmoja kivyake, kisio kikachukuliwa kuwa ni uhakika, na kisio kilipoanguka hapakuwa na mpango wa pili ila marubani sita wenye topido na vijana 12 nyuma yao. Yaliyotokea Detling mwaka 1940 yalikuwa yameshaonyesha Swordfish hufanywa nini mchana na ndege za kivita. Kati ya wenye amri, waliouona ukweli huo walikuwa wachache mno.

Miezi mitatu baada ya msiba wa Manston, ndege za aina hiyohiyo, za vikosi vingine kutoka HMS Illustrious, zilishambulia Diego Suarez, Madagaska, alfajiri na kwa ghafla, zikiwa na ndege za kuzilinda. Zilizamisha nyambizi ya Kifaransa Bévéziers na meli Bougainville. Ndege haikuwa imebadilika. Mpango ulikuwa mwingine.

Bahari ya barafu

Mwezi uliofuata msiba wa Manston, kikosi cha 825 kiliundwa tena, na sasa kikapewa kazi iliyokifaa. Misafara ya meli za silaha na vyakula kwenda Urusi ilikuwa ikichinjwa njiani. Msafara wa PQ17 wa Julai 1942 ulipoteza meli 24. Msafara uliofuata, PQ18, ulipewa HMS Avenger, manowari ndogo ya kubeba ndege, na ndani yake zilikuwemo Swordfish tatu za 825. Septemba 14 mmoja wa marubani hao aliiona nyambizi U-589 na kuielekeza HMS Onslow, iliyoizamisha. Meli 13 za msafara zilipotea, lakini nyingi zilifika.

Mwaka 1944 kikosi kilihamia HMS Vindex, meli iliyoanza kujengwa kama ya mizigo. Hapa Swordfish ilipata mahali pake hasa. Katikati ya Atlantiki na kwenye maji ya Aktiki hapakuwa na kundi la ndege za kivita la kuikimbiza usiku. Palikuwa na nyambizi, zilizolazimika kujitokeza juu ili zijaze betri zao. Ndege iliyokwenda polepole kwa saa nyingi, ikibeba rada na mabomu ya kulipuka chini ya maji, ndiyo hasa iliyohitajika. Ikiiona nyambizi, ilitupa taa ya moto juu ya maji, na meli za vita zikaifuata alama hiyo.

Gharama kubwa waliilipa kwa mwili. Watu waliokaa vichwa nje, usiku, katika baridi ya Aktiki, walitua wakiwa na mikono isiyohisi kitu, na wengine iliwabidi kusaidiwa kutoka vitini. Machi 1944 walishiriki kuizamisha U-653, Mei U-765. Agosti, katika msafara wa JW59 kwenda Urusi, Swordfish ya kikosi iliizamisha U-344, na mapema Septemba, njiani kurudi, wakashiriki kuizamisha U-394.

Maadui wa zamani nao walikuwa wamefika mwisho. Gneisenau ilipigwa mabomu Kiel wiki mbili tu baada ya kupita Dover, na haikuenda vitani tena. Scharnhorst ilizamishwa na manowari za Uingereza Desemba 26, 1943 kaskazini mwa Norway, wakapona mabaharia 36.

Leo kuna kikosi cha 825 tena, kilichoundwa upya mwaka 2014, nacho hurusha helikopta. Wanaokitumikia wamerithi jina lenye Msalaba wa Victoria, na kila mwaka siku ya Februari 12 inakumbukwa. Ni haki ikumbukwe. Lakini tukimsifu Esmonde na kuishia hapo, tunawaachia waliompeleka kupita bila kuulizwa. Askari shujaa ni amana mikononi mwa anayemwamuru. Usiku wa Bismarck na safari za usiku za Aktiki zinaonyesha amana hiyo ikitumiwa vizuri inavyozaa, hata kwa ndege ya kitambaa. Detling na Manston zinaonyesha kuwa mpango mbovu hauponywi na ushujaa. Hulipiwa tu na maisha ya mashujaa.